Chumba Kisichokuwa na Mlango

Vipimo vilikataa kukubaliana. Kwa nje nyumba ilikuwa ndefu kuliko vyumba vyake vyote vikijumlishwa, na Injinia alikuwa ameizunguka na futikamba mpaka magoti yanamuuma. Kati ya chumba cha shangazi yake na stoo palibaki nafasi ya kutosha mtu kusimama, isiyo na mlango wala dirisha.

"Umekosea hesabu," shangazi alisema kutoka jikoni. "Pima tena, Injinia wangu."

"Shangazi, mimi si injinia. Nasomea usanifu wa majengo."

"Na yale mengine ya akili za watu?"

"Saikolojia."

"Basi. Injinia wa nyumba na wa vichwa."

Akaja kutazama huku akiuburuta mguu wa kushoto, uliovunjika zamani ukaungwa vibaya. Ndiye aliyemlea binti huyu tangu akitambaa, na kila mmoja hakuwa na mwingine duniani ila mwenzake. Hata hivyo hakuwahi kumwita mwanangu. Neno hilo, alisema, lilikuwa la marehemu mama yake Injinia, na yeye hachukui cha mtu.

Kusoma masomo mawili kwa pamoja ni kupika vyungu viwili kwa jiko moja. Asubuhi mihadhara ya saikolojia, mchana studio, jioni insha. Injinia alisinzia kwenye ngazi, akasinzia kwenye foleni ya kuchapa michoro, na siku moja alisinzia akipiga mswaki. Kazi ya muhula ilikuwa kupima nyumba unayoishi na kuijenga kwa kadibodi, ndogo ya kukaa mezani. Akaijenga na ile nafasi ndani yake, imezibwa pande zote, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuifikiria.

Mwalimu wa usanifu akaigonga kwa kalamu. "Hii ni nini?"

"Ipo tu, mwalimu. Vipimo vinasema ipo."

"Nafasi isiyo na mlango ni kosa la mchoro. Ipe mlango."

Akachukua kisu, akakata mlango upande wa chumba cha shangazi, akaukunja vizuri ufunguke na kufungika. Kwa kweli ulipendeza. Akaiacha modeli kwenye rafu ya studio isubiri kusahihishwa, akarudi nyumbani akiwa hoi.

Nyumba ilinuka saruji mbichi, na hapakuwa na mtu aliyekuwa akijenga katika mtaa mzima. Shangazi alikuwa ameketi kitandani, sikio ukutani.

"Nyamaza," akanong'ona. "Kuna mtu anapumua."

Injinia akatega sikio. Ukuta ulikuwa wa baridi, na ndani yake pumzi ilipanda na kushuka taratibu, kama ya mtu aliyelala muda mrefu sana akaanza kujigeuza. Akajiambia ni uchovu. Alishaandika insha nzima juu ya watu wasiolala na sauti wanazozisikia, akapata alama nzuri tu. Ila shangazi yake alikuwa analala vizuri kila siku.

Baada ya hapo kila alasiri alimkuta shangazi palepale, chakula kimepoa, akizungumza na ukuta kwa sauti ya chini na kungoja majibu, na kila alasiri harufu ilikuwa nzito zaidi, mpaka siku ile alipoona kwenye plasta ufa mwembamba ulionyooka kwenda juu, ukakata kulia, ukashuka tena mpaka sakafuni, umbo la mlango kabisa, na shangazi amesimama mbele yake, kiganja kimeushika ukuta mahali ambapo kitasa kingekuwa.

"Ananiita kwa jina langu la utotoni," shangazi alisema, machozi yakimtoka. "Nakwenda, Injinia wangu. Siwezi kujizuia."

Injinia akamleta mganga wa majini, mama mnene mwenye mafua, aliyelalamikia jua, viatu na wateja wake kabla hajatua mkoba. Akabisha ukutani, akasikiliza, uso ukabadilika.

"Fundi aliyejenga hapa alimfungia jini makusudi. Asingeweza kutoka. Nani kampa mlango?"

 Injinia alipoeleza habari ya modeli, mganga akapenga kamasi na kumtazama kwa huruma.

"Basi kafunge palepale ulipofungua. Lakini kabla hujafunga, umwone shangazi yako yuko nje. Kwa macho yako."

Ilikuwa jioni, na studio ilikaribia kufungwa. Alimwacha shangazi uani na jirani, akakimbia. Mlinzi alikuwa tayari ameshika funguo. Injinia akaishusha modeli, akakamua gundi. Ndipo akakumbuka sharti. Kurudi nyumbani na kuja tena? Miguu ilikataa hata kuifikiria safari hiyo. Akapiga simu.

"Shangazi, uko wapi?"

"Niko nje, mwanangu. Funga."

Akaufunga mlango wa kadibodi, akaubana kwa kidole gumba mpaka gundi ikakauka. Alilia kwa faraja. Mlinzi akafunga studio nyuma yake, akasema wataonana asubuhi.

Nyumbani taa zilikuwa zinawaka. Jirani alikuwa akitoka, akasema shangazi aliingia ndani mara moja kuchukua khanga, akatoka mzima kabisa, hata mguu umepona. Injinia hakumwelewa. Akaingia.

Shangazi akaja kumpokea ukumbini, akitembea wima, hatua nyepesi, miguu yote miwili sawa. Alimkumbatia. Nguo zake zilinuka saruji mbichi.

Ndipo pakagongwa. Injinia akakimbilia chumba cha shangazi. Ukuta wa chumbani ulikuwa umerudi laini, hauna ufa wowote, na nyuma yake mtu alikuwa akipiga kwa viganja, sauti imekwisha kukauka.

"Injinia wangu! Giza huku! Nifungulie, Injinia wangu!"

 Injinia aliwaza studio na kufuli lake, aliwaza gundi, na ile simu, na lile neno alilolisikia masikioni kabisa likampita kwa usingizi. Alitaka kukimbia kwa mlinzi. 

Yule aliyemkumbatia akamkalisha kitandani polepole, akamvua viatu, akampangia mto.

"Lala, mwanangu," akasema. "Umechoka."