Jini Aitwaye Yenyewe

Hebu niambie wewe: kikombe kikivunjika mezani, na waliomo chumbani wote mikono yao iko mapajani, utasema nani amekivunja?

Koplo alisema, "Kimevunjika chenyewe." Akaendelea kufunga kamba za buti. Mtu aliyetoka zamu ya usiku akaunganishiwa na ya mchana hana maneno ya ziada. Hata salamu anaitoa kwa kukopa.

Mkewe, fundi cherehani, aliinama akaokota vigae. "Jana mfuniko wa sufuria. Juzi bomba limefunguka, ndoo ikafurika mpaka uvunguni. Mume wangu, kila kitu humu ndani kimeanza kujiamulia mambo isipokuwa wewe."

"Ni upepo."

"Upepo unaonuka baruti?"

Koplo akakaza kamba. Na yeye alikuwa ameinusa harufu hiyo: mafuta ya bunduki na chuma kilichoungua, ikitokea kona ya nyuma ya cherehani, pale ambapo Kadogo, binti yao wa darasa la kwanza, hupenda kukaa na vitambaa vyake vya kuchezea. Harufu hiyo alijua ilianza lini. Tuiseme, maana wao hawataisema.

Katika kituo chao cha polisi, askari anayerudisha silaha ana utaratibu ambao hata mlevi angeukariri. Elekeza mtutu kwenye pipa la mchanga. Chomoa magazini yenye risasi kwanza, ndipo ukoki, uvute chuma nyuma kra-chak, uchungulie chemba, uone kwa macho yako kwamba ni tupu. Magazini kwanza! Ukikoki kabla ya kuichomoa, risasi inapanda chemba, halafu unachomoa magazini ukijiona umemaliza kazi, kumbe umeacha nyoka ndani ya kibuyu. Sasa, pipa lenyewe lilihamishiwa mlangoni kwa Mkuu wa Kituo, likapandwa maua. Mekundu, mazuri sana, wageni wanapigia picha. Na mafunzo ya silaha? Bajeti, ndugu yangu, bajeti. Mara ya mwisho Koplo kufundishwa bunduki alikuwa hajaoa.

Asubuhi harufu ilipoanza, alirudi kutoka lindoni baada ya zamu mbili mfululizo, macho yakimwasha kama yamepakwa pilipili. Akakoki kwanza. Ndipo akachomoa magazini. Ndipo, kwa kuhakikisha tu, akavuta triga, mtutu ukitazama ukuta wa mbao.

Nyuma ya mbao kulikuwa na benchi la mapokezi, na kwenye benchi amekaa kijana ambaye mtaani walimwita Msomi. Digrii ya uchumi, upper second, siyo ya kubahatisha. Alisambaza CV mpaka mwenye duka la fotokopi akamwona kama ndugu. Hatimaye akaitwa kazini, na ofisi ikamwomba kitu kimoja: cheti cha polisi cha kuthibitisha kwamba ana tabia njema. Alikuwa anasubiri muhuri. Risasi ikamkuta shingoni, yeye na tabia yake njema.

Mwangwi haujatulia, Mkuu wa Kituo alikuwa ameshatoka ofisini na sentensi iliyokwisha kupikwa. "Imefyatuka yenyewe. Mmeelewa? Accidental discharge." Maana kosa likivaa Kiingereza huonekana limeoga.

"Ndiyo, afande," wakaitikia askari wote.

Mkuu akamgeukia Koplo. "Wewe, sema kwa sauti. Wasikie mpaka huko nje."

"Imefyatuka yenyewe, afande."

Hapo ndipo Koplo alipohisi pumzi ya moto nyuma ya sikio, kama ya mtu aliyesimama mvuani muda mrefu, hatimaye akakaribishwa ndani na mwenye nyumba.

Akarudi nyumbani nayo.

Mwanzoni ilikuwa vikombe. Ikaja sauti. Fundi cherehani alikuwa ameinamia gauni la mteja, saa za mchana mweupe, redio ya jirani ikipiga kelele, akaisikia kwenye ile kona: kra-chak. Akageuka. Hakuna kitu. Akarudi kwenye mshono, na akagundua kwamba cherehani haikuwa imesimama yeye alipoacha kushona. Pedali ilikuwa inapanda na kushuka polepole chini ya miguu yake isiyoigusa, sindano ikitoboa kitambaa bila uzi, mashimo madogo yaliyopangana vizuri, kama mtu anajifunza kulenga.

"Mama, usimwogope," alisema Kadogo kutoka sakafuni.

"Nani?"

"Yenyewe."

Fundi cherehani alijaribu kucheka. "Nini yenyewe, mwanangu?"

"Siyo nini. Ni jina lake. Anasema baba ndiye alimpa." Mtoto alikuwa anakunja kitambaa bila kuinua macho. "Mama, yeye hana mikono. Anasema ataazima yangu."

Jioni ile Koplo alikuta begi la nguo liko mlangoni na mkewe amekaa juu yake.

"Tunaondoka?" aliuliza.

"Ningekuwa na pa kwenda ungenikuta hapa? Nimempigia Shangazi yako."

Koplo akavua kofia. "Shangazi! Utanifanya kichekesho cha kota nzima ya polisi. Askari analetewa mganga?"

"Bora kichekesho kuliko matanga," mkewe akamjibu, sauti chini ili mtoto asisikie.

Shangazi alikuwa dada wa baba yake Koplo, mwanamke mzito mwenye miguu iliyovimba, aliyetoa majini katika nyumba za watu mpaka akawachoka, majini na watu. Alifika mchana, akaomba beseni la maji ya vuguvugu. Koplo akadhani ni la dawa.

"La miguu yangu," alisema Shangazi, akaizamisha na kuguna. "Majini ya siku hizi hayana hata adabu ya kukaa karibu na stendi. Haya. Mleteni huyo binti."

Wakafunga mlango. Kadogo akaketi mbele yake, mikono kwenye magoti. Shangazi akanyunyiza chumvi, akanong'ona maneno yake ya kazi kwa sauti ya mtu anayesoma bei sokoni, na harufu ya baruti ikajaa chumba mpaka fundi cherehani akajifunika pua kwa kanga.

"Jina lako nani?"

"Yenyewe," ilisema sauti kutoka kinywani mwa mtoto. Ilikuwa kavu na ya upole, kama chuma kilichopakwa mafuta.

"Nani kakuita?"

"Baba wa mtoto. Kaniita mbele ya watu, kwa sauti. Nikaangalia, nikaona kitendo kizima kiko wazi, hakina mwenyewe. Na wewe, Shangazi, mtu mzima: mvua inanyesha, nyumba haina mwenyewe, hutaingia?"

Shangazi akatikisa kichwa, karibu akubali. "Na mtoto kakukosea nini?"

"Hajanikosea. Mimi kazi zangu zote nazifanya kwa mikono ya watu. Ya baba ameikana. Nimechukua ya karibu."

Maji yalitikisika kwenye beseni ingawa miguu ilikuwa imetulia. Shangazi akamwangalia mtoto wa kaka yake kwa muda mrefu, bila hasira, na hilo lilimuuma Koplo kuliko tusi.

"Umesikia, mwanangu? Huyu hatoki kwa moshi wala chumvi. Huyu ni mpangaji. Mwenye nyumba akirudi, mpangaji anatoka. Lile tendo limrudie mwenyewe."

"Shangazi, nikisema nimekwisha. Kazi imeondoka, kota imeondoka, jela inanisubiri. Hawa watakula nini? Mkuu ameniambia nitulie tu, usajenti unakuja."

"Na usipotulia?"

"Shangazi, tafadhali. Nimechoka."

"Nani humu hajachoka?" mkewe akadakia. "Hata hilo jini limechoka, lisikilize linavyoongea."

Ndipo mikono ya Kadogo ilipoinuka. Haikuwa na kitu. Mmoja ulishika hewa mbele kama unashika mbao ya bunduki, mwingine ukavuta nyuma, na chumba kizima kikasikia kra-chak. Kisha ule mkono mdogo ukashuka, ukachomoa kisichoonekana na kukiweka sakafuni taratibu. Koki kwanza, magazini baadaye. Koplo alitambua mpangilio ule kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

"Mama," alisema Kadogo, sasa kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, inayotetemeka, "mikono inaenda. Sijaiambia."

Kidole kikakunjika. Kioo cha dirisha kikapasuka katikati.

"Mshikeni!" alisema Shangazi, lakini fundi cherehani alikuwa ameshamkumbatia mtoto kwa nguvu zake zote na ile mikono ilimpita kama anashika maji, ikakoki tena, ikachomoa tena, na tundu likafunguka ukutani juu ya kichwa cha Shangazi, vumbi la saruji likimwagikia beseni, na mikono ikaanza mara nyingine, sasa ikigeuka, polepole, kwa subira ya kitu kisicho na haraka kwa kuwa hakina jina la kujibu wala cheo cha kupoteza, ikipita kwenye mlango, ikipita kwenye begi la nguo, mpaka ikasimama sawasawa na kifua cha mama aliyepiga magoti na ambaye hakukwepa, kwa sababu akikwepa nyuma yake kulikuwa na ukuta wa jirani na watoto wa jirani, na Kadogo akilia bila machozi, "Baba, iambie, baba, iambie," na kidole kile kidogo chenye wino wa shule kikaanza kukunjika.

"Mimi!" Koplo alipiga kelele. "Nilifyatua mimi! Kidole kilikuwa changu!"

Mikono ikaanguka mapajani. Mtoto akajitapikia.

Shangazi akaanza kujifuta vumbi usoni kwa ncha ya nguo. "Umemtoa chumbani," alisema. "Amekaa kizingitini, namwona. Ulimwitia wapi? Kamalizie hukohuko."

Kesho yake Koplo alivaa sare iliyopigwa pasi na mkewe, ambaye hakumwambia aende wala abaki. Alimfunga kifungo cha shingo tu, akakilaza kwa kiganja.

Mama yake Msomi alikuwa benchini. Tangu mazishi huja kila asubuhi, hukaa palepale, humuuliza askari wa zamu swali lilelile: nani alimpiga mwanangu? Na askari wa zamu humpa jibu lilelile, akitazama pembeni.

Koplo akasimama mbele yake. Askari wenzake walikuwa wanajipanga kwa gwaride uani, mlango uko wazi.

"Mama, ni mimi."

"Wewe ndiye nani?"

"Niliyempiga. Nilikoki kabla ya kuchomoa magazini. Nikavuta triga sijaangalia chemba. Mimi nilifyatua."

"Rudia. Sikio langu hili halisikii vizuri."

Akarudia. Uani, mistari ya gwaride ilikuwa imegeuka kumtazama.

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Hapana, mama. Sikumjua."

"Ulikuwa umelewa?"

"Nilikuwa nimechoka."

"Umechoka." Mama alilionja neno hilo. "Hata yeye alikuwa amechoka. Miaka yote ile ya kutafuta. Lakini yeye alikaa tu, hakuua mtu." Akajifunga kanga upya, akasimama kwa kushika ukuta wa mbao. "Haya. Sasa nina mtu wa kumchukia. Nilikuwa nachukia chuma."

Wakamvua mkanda Koplo papo hapo, wakampeleka mahabusu. Aliyemfungia mlango alikuwa rafiki yake, naye hakuweza kumtazama. Nyumbani, Kadogo alishika kijiko akala wali wake wote, mikono ikimtii. Harufu imekwisha. Barua ya kuhama kota iliwasili kabla sahani hazijaoshwa, na fundi cherehani akaipokea kama anayepokea bili ya umeme.

Mchana Mkuu wa Kituo akaita waandishi wa habari. Alisimama barazani, tabasamu limenyooshwa kwa pasi.

"Koplo ana msongo wa mawazo. Tunamwombea. Kama taarifa yetu ilivyosema, na kama ninavyorudia leo mbele yenu, silaha ile ilifyatuka yenyewe."

Akapapasa nyuma ya sikio, kama aliyeng'atwa na mbu.

Nyuma yake, kwenye ghala la silaha, ambako mlango umefungwa kwa kufuli na ufunguo uko mfukoni mwake, ikasikika kra-chak. Ikafuata nyingine. Kisha nyingine, na nyingine, rafu nzima ya bunduki kutoka mwanzo mpaka mwisho, taratibu, kama paredi inayojibu majina. Waandishi wakashusha kamera. Mkuu akafungua kinywa awaambie ni upepo, akaona wote wanatazama mkono wake wa kulia. Akautazama na yeye. Ulikuwa unainuka.

Basi ninyi wenye nyota mabegani, na ninyi mnaowapa hizo nyota, na ninyi mnaokaa juu zaidi ambako risasi hazifiki: Koplo yuko ndani, ameshasema yake. Nani alimpanga zamu mbili bila usingizi? Nani alikata fedha za mafunzo? Nani alitunga ile sentensi na kumlazimisha aiseme? Msitupe cheti, msitupe tume, msitupe Kiingereza. Kabla hamjamkabidhi mtu mwingine bunduki, mfundisheni, mwacheni alale, kisha mje pale benchini, kwa mama yule, mmoja mmoja, mtaje majina yenu.