Jina Kwenye Karatasi ya Mbele

Shule zinapokaribia kufunguliwa, mwenye haraka asiingie duka la vitabu mjini Eldoret. Jepchirchir aliingia. Duka la Gathogo lilikuwa limefurika wazazi hadi mlangoni, kila mmoja akitaka madaftari, na Gathogo mwenyewe, chini ya picha ya Rais, akijibu watu watatu kwa mpigo. Jepchirchir alijipenyeza na gauni lake la kijani lenye mabega yaliyotuna, akanyoosha mkono hadi rafu ya mwisho, akashika pakiti ya riboni ya printa. Ilikuwa imebaki moja tu, na upande wa pili ulikuwa umeshikwa tayari.

"Dada, nimeiona kwanza," akasema mwenye mkono ule.

"Kuona si kushika."

"Na nimeshika pia."

"Basi achilia."

Kijana akacheka. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa sweta ya kahawia iliyofumwa kwa mkono, na mfukoni mwa shati bisibisi ilikuwa imechomoza kando ya kalamu. Jepchirchir alijiambia kwamba mwanamume anayekwenda dukani na bisibisi ama ni mwizi ama ni mtu wa maana.

"Unaitwa nani, wewe usiyeachilia?"

"Jeconia Opiyo."

"Opiyo si ni jina la pacha? Mwenzako yuko wapi, akusaidie kuvuta?"

"Odongo yuko Kisumu. Na wewe?"

"Jepchirchir. Niko Ushirika wa Wafugaji Imara, na printa yetu imekauka wino, kwa hivyo tafadhali."

Opiyo aliangua kicheko hadi wazazi wakageuka. "Ai! Kwani tunanyang'anyana riboni ya printa moja? Mzee Kimeli ameniita niwawekee mtandao. Naanza Jumatatu."

Jepchirchir akaachilia pakiti pale pale. "Basi lipa wewe," akasema, akatoka akiwa ameshapendezwa, ingawa ungemuuliza angekana.

Ushirika ulikuwa na kompyuta tano na printa moja, na printa hiyo ilikaa mezani kwa Jepchirchir. Wasike wa stoo, watu wa hesabu, hata Mzee Kimeli aliyekuwa meneja, wote walimjia na diski mkononi wakapiga foleni, naye akaacha kazi yake ili awachapie zao. Opiyo alikuja kuikomesha shida hiyo. Alipanda darini akashuka na buibui kichwani, akapitisha waya kutoka chumba hadi chumba, akaihamishia printa chumba cha kati. Kila mtu sasa angechapa akiwa amekaa kwake, na kazi zingejipanga zenyewe ndani ya mashine, aliyetangulia akitangulia.

Kilichomshangaza Jepchirchir ni ule mfumo wa kompyuta aliouweka. Opiyo alimwonyesha kwenye kioo jinsi ulivyoandikwa ndani, mstari kwa mstari, bila kufichwa chochote.

"Aliyeuandika hakuogopa kuibiwa?" Jepchirchir akauliza, akimwekea kikombe cha chai karibu na koleo.

"Ameuacha wazi kusudi. Usome, urekebishe, umpe jirani. Mimi nimeongeza huu mstari hapa, ndiyo uelewane na printa yenu. Ilikuwa imenuna."

"Kama wewe kabla ya chai."

"Kama mimi kabla ya chai yako."

Tuseme ukweli, palikuwa na uzuri katika kumtazama mtu yule akifanya kazi. Hakugombeza mashine wala mtu. Kosa likitokea aliinamisha kichwa, akalisoma taratibu, akalitafutia mahali pake. Jepchirchir, binti wa Ainabkoi aliyekua kati ya ng'ombe na watu wa maneno machache, hakuwahi kuona subira ya namna ile nje ya zizi. Alimpenda, akaanza kuionea haya kazi aliyoiacha mezani.

"Na hii karatasi ya kwanza ni ya nini?" akauliza siku mashine yake ilipochapa. Printa ilikuwa imetoa karatasi yenye jina lake kwa herufi kubwa, na chini yake jina la kazi aliyoituma.

"Hiyo ni ya mbele. Inasema kazi ni ya nani, ili mwingine asifunue. Mama yangu alitufundisha, karatasi ya mtu haisomwi."

Jioni hiyo zilibaki mashine nne. Mashine ya Jepchirchir ilikuwa ya kwanza kukubali, kwa hivyo Opiyo alinakili mipango yake yote akaipeleka kwa zile nyingine, na alitakiwa abadilishe jina katika kila moja. Lakini Jepchirchir alikuwa amekaa pembeni akimsimulia jinsi ng'ombe wao aitwaye Sigara alivyokula kofia ya mchungaji, naye Opiyo akacheka hadi machozi. Mashine zote nne zikabaki zikijiita Jepchirchir. Fundi hakuona.

Alipokuwa akikunja waya uliobaki, alisema, "Kisumu wananitaka nianze kazi Jumatatu ijayo. Mzee Kimeli naye anataka nibaki hapa. Ijumaa nitampa jibu."

"Na jibu liko wapi?"

"Liko kwa mtu," akasema, akashindwa kumtazama.

Asubuhi iliyofuata, Jumatano, Opiyo alifika mapema kukagua. Printa ilikuwa imeshachapa kazi moja. Karatasi ya mbele ilikuwa na maneno mawili yanayosomeka toka mlangoni: JEPCHIRCHIR, na chini yake, HARUSI.

Hakufunua. Angefunua angekuta Kamati ya Harusi ya Ndugu Wasike, kikao Jumapili baada ya misa. Malezi mema yana gharama yake, na siku hiyo yalimgharimu furaha. Aliirudisha karatasi palepale, akashuka ngazi, akaenda kujifungia karakanani kwake.

Jepchirchir alipoingia, ofisi ilimpokea kwa vicheko. Kila karatasi iliyotoka, ya stoo, ya hesabu, ya maziwa ya kituo cha Ziwa, ilikuwa na jina lake mbele.

"Fundi ametuoza sisi wote kwako!" Wasike akamtania. "Jamaa anakupenda mpaka kwa waya!"

Jepchirchir alificha uso kwa faili, lakini moyo ulikuwa unaruka. Basi hivi ndivyo mtu wa maneno machache anavyosema. Alisubiri aje. Mchana ulipopita hakuja, akainua simu.

"Opiyo? Nimeona ulichofanya."

Sauti nzito ikajibu: "Umeona?"

"Ofisi nzima imeona. Wananicheka. Lakini sijakasirika."

Opiyo, aliyedhani anaambiwa jinsi alivyomkodolea macho mchumba wa mtu, akafumba macho kwa aibu. "Nisamehe, Jepchirchir. Ningejua mambo yalivyo nisingefika hapo. Nimekosea."

"Umekosea?"

"Nimekosea sana. Sitarudia."

"Haya," akasema Jepchirchir, na simu akaiweka polepole. Kumbe jina lake lilikuwa kosa tu. Alikwenda choo cha wanawake, akalia, akaosha uso, akarudi kuchapa.

Ijumaa Opiyo alikuja kuaga. Mzee Kimeli, aliyekuwa ziarani kwenye vituo vya maziwa tangu Jumatano, alimpokea na karatasi mkononi na miwani puani.

"Kijana, kazi yako ni nzuri sana. Lakini niambie, mimi nimekuwa Jepchirchir tangu lini?"

Opiyo aliitwaa ile karatasi. JEPCHIRCHIR, na chini, MENEJA.

"Mzee... zote zinatoka hivi?"

"Zote!" Wasike akadakia toka mlangoni. "Hata kamati yangu ya harusi imetoka nayo. Mke wangu mtarajiwa akiiona nitaeleza nini?"

"Ile harusi ni yako?"

"Kwani ni ya nani?"

Opiyo alikwenda mashine moja hadi nyingine, akamwandikia kila mtu jina lake. Mwisho akasimama mbele ya Jepchirchir, aliyevaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe iliyofungwa hadi shingoni.

"Rekebisha na hii uende zako," akasema bila kuinua macho.

"Hii yako ilikuwa sawa tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyesahau zile nyingine. Halafu nikaona karatasi imeandikwa wewe, imeandikwa harusi, na nikaamini."

Jepchirchir aliinua macho. "Ukadhani naolewa, ukanyamaza?"

"Karatasi ya mtu haisomwi."

"Na mtu mwenyewe, haulizwi? Mashine unaziacha wazi kila mtu asome, wewe mwenyewe umejifungia! Na mimi nilidhani umeandika jina langu kwa kupenda. Nikajigamba moyoni, Opiyo. Halafu unaniambia umekosea!"

"Nilikosea kwa sababu ya kupenda. Ulikuwa unanisimulia habari ya Sigara. Ningeweza kuandika majina gani mengine?"

Mdomo wa Jepchirchir ulitaka kucheka, akauzuia. "Nenda chumba cha kati ukaangalie kama printa imepona."

"Jepchirchir..."

"Nenda, nimesema."

Akaenda. Alisimama peke yake mbele ya ile printa, akingoja kama mtu anayengoja hukumu. Ikaamka, ikakereza, kichwa kikaenda na kurudi, riboni ya duka la Gathogo ikiacha wino mweusi. Herufi zikajijenga taratibu: JEPCHIRCHIR. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano jina hilo lilikuwa la mwenyewe. Chini yake likafuata neno moja: BAKI.

Alipogeuka alimkuta mlangoni, mikono nyuma, haya imemjaa usoni.

"Kuna nyingine chini yake," Jepchirchir akasema. "Mbona hufunui?"

"Ni karatasi ya mtu."

"Ni yako, mpenzi wangu. Soma."

Akafunua, akasoma kwa sauti: "Njoo Ainabkoi Jumapili na Odongo. Baba atauliza mmekuja kutafuta nini. Ukinyamaza tena, nitamruhusu Sigara ale sweta yako."

Opiyo aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni, kando ya bisibisi, akaenda kumpa Mzee Kimeli jibu.