Kadi ya Mteremko

"Shoga, mwanamke mzima unajifunza milima kwa Kiingereza, unataka kuolewa na mlima?"

Ndivyo jirani yangu fundi cherehani alivyoniuliza dirishani siku moja, akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni.

Nami nilicheka. Mungu anisamehe, siku hizo nilikuwa na furaha.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alifia kwenye mteremko, miaka mitano sasa, nami nikapewa kazi ya kudeki ofisi za kampuni ile ile. Huko ndiko alikonipenda Mpima, kama wote ofisini walivyomwita. Kazi yake ni kutangulia kwenye kila barabara mpya, kuipanda kwa miguu yake, kisha kuandika kadi kwa Kiingereza, kama wenye malori wanavyotaka. Dereva mgeni wa njia huitazama kadi hiyo achague gia kabla hajaanza kuteremka. Karani anayenakili kadi alikuwa anaacha kazi, na Mpima akasema mimi, na darasa langu la saba, nitaiweza.

Kila jioni alikuja na daftari.

"Mlima unaoupanda huku unapiga soga?"

"Gentle."

"Wa kushika magoti?"

"Steep."

"Na ule wa kumwita Mungu?"

"Very steep. Gia namba moja, na dua."

"Haya, karani wangu! Mke wangu!"

Ijumaa ile akatuma ujumbe: "Nakuja saa kumi na moja, somo la mwisho. Jumapili mchungaji anatangaza ndoa yetu. Bado siamini."

Nikajibu: "Karibu. Chai ipo."

Nikafungua Biblia nisali nikimsubiri. Humo mlikuwa na kadi iliyotolewa mfukoni mwa marehemu, damu imeikaukia pembeni. Miaka yote hiyo nailaza pale. Kiingereza sikukijua, na kumpa mtu anisomee sikutaka. Siku hiyo macho yalijisomea yenyewe. Jina la mlima aliofia. Chini yake, "gentle". Na mwandiko ule ule wa kwenye daftari langu, g yenye mkia uliojikunja kama ndoana.

Alipoingia, kadi ilikuwa mezani. Aliiona kabla hajakaa.

"Umeitoa wapi?"

"Mfukoni mwa mume wangu. Kaa. Huu mlima uliupanda?"

Akavua kofia, akaitundika msumarini.

"Nakuuliza mbele za Mungu, Mpima. Uliupanda?"

"Mvua ilikuwa kubwa. Niliishia darajani. Nikamuuliza mchoma mkaa mmoja mlima ukoje, akaniambia wa kawaida tu."

"Mchoma mkaa anayeupanda kila siku na gunia kichwani."

"Ndiyo."

"Ukaandika."

"Nikaandika. Baada ya ajali nilikwenda kuupanda. Nilitambaa, mama. Kwa mikono na magoti."

"Na hukusema."

"Walishasema dereva ni mzembe. Nikanyamaza."

Miaka mitano wanangu wanaitwa watoto wa mzembe. Naye ameketi nao mezani, amewachongea penseli.

"Ulinijia kwa mapenzi au kwa toba?"

"Nilianza kwa toba. Mapenzi yakanikuta humo humo. Nakupenda hata sasa hivi."

Nilimwamini. Hapo ndipo paliponiuma. Nikamsukumia daftari na kalamu.

"Andika mlima ule ulivyo, utie sahihi. Jumatatu nalipeleka ofisini."

"Watanifunga."

"Andika."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nitakwenda kanisani na wanangu."

Aliandika jina la mlima, chini yake "very steep", kisha sahihi yake. Akaiweka kalamu taratibu, kana kwamba kuna mtoto amelala. Chai yake hakuigusa. Akachukua kofia msumarini, akatoka.