Picha ya Tatu

Kiti kilikuwa na joto.

Fundi alikigusa kwa bahati tu, alipoinama kuokota bisibisi iliyomponyoka. Ukumbi wa kasino ulikuwa umefungwa tangu alfajiri, wafagiaji walishamaliza na kwenda zao, na asubuhi hiyo mle ndani hamkuwa na mtu ila yeye na mashine zake. Lakini kile kiti cha mbele ya mashine ya pembeni kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Akapapasa kiti cha jirani. Baridi. Akajiambia kwamba labda bomba la maji ya moto linapita chini ya sakafu, akaendelea na kazi. Binadamu akitaka kujidanganya hakosi bomba.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kamari, na yeye mwenyewe hakuwahi kucheza hata mara moja. Wachezaji walimwandama kila siku wakidhani anajua ipi inakaribia kutema pesa. Aliwajibu wote jibu lilelile.

"Mashine haina kumbukumbu. Haijui kama umekula au umeliwa. Kila ukibonyeza picha zake tatu zizunguke, inaanza upya, kama mtoto aliyezaliwa leo. Na hesabu yake imepangwa ili mwenye kasino ashinde, kwa hiyo ukikaa sana utaliwa tu."

Wote waliitikia kwa kichwa, kisha wakarudi kukaa. Aliyemsikia alikuwa mmoja, mama mkwe wake, mshonaji mstaafu, mjane aliyeishi nao nyumbani. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana mama huyo alikuja na vijisenti alivyofunga kwenye kitambaa cha mkono, na chupa ndogo ya chai. Simu na kadi ya benki alimwachia binti yake. Pesa zikiisha, aliinuka. Chai ikiisha, aliinuka, hata kama mashine inamwagia ushindi na watu nyuma yake wanapiga kelele, "Mama, nyota yako imewaka, endelea!"

"Nimenunua burudani, sikununua shamba," aliwajibu. "Hii ni kama choo cha kulipia. Unalipa, unaingia, unatoka. Umeona wapi mtu akadai chenji ya haja yake?"

Watu walicheka, naye akaenda zake. Fundi alijivunia mama mkwe huyo kuliko alivyojivunia cheti chake.

Jumamosi ya wiki ile ya kiti, mama alihamia mashine ya pembeni.

Jioni binti yake alichukua chupa aioshe, akaiona nzito. Akafungua kifuniko. Ilikuwa imejaa.

"Mama, leo hukunywa chai?"

"Nilisahau."

Binti alimtazama mumewe. Mama hakusahau chai hata siku ya msiba wa baba.

"Ile ya pembeni inanijua," mama alisema polepole, huku akiifuta miwani yake. "Nikikaa, inaanzia pale tulipoachia."

"Mama, mashine haimjui mtu," fundi alisema.

"Zako hazimjui mtu, mwanangu. Hii inanijua."

Tangu siku hiyo nyumba ikaingia harufu. Ilikuwa harufu ya kitambaa kibichi kinachopigwa pasi ya moto, na ilitoka chumbani kwa mama, ambaye cherehani yake ilishauzwa na pasi yake ilishakufa. Kisha zikaja sauti. Kitu kilizunguka ndani ya ukuta, kikasimama, ta, kingine kikasimama, ta, na cha tatu kikaendelea kuzunguka, kikizunguka mpaka mtu unatamani upige ukuta kisimame. Na baina ya mizunguko kilisikika kikohozi kikavu, cha mara mbili, ambacho binti alikijua tangu akiwa mtoto mgongoni.

"Ni baba," alinong'ona, kucha zake zikimchoma mumewe mkononi. "Wallahi ni kikohozi cha baba."

Kesho yake fundi aliing'oa plagi ya mashine ya pembeni, akauviringa waya wake, akauweka juu ya mashine kama nyoka aliyeuawa. Alipogeuka kuondoka, mashine ilikohoa.

Mkewe hakungoja kushauriwa. Alikwenda kwa mganga mmoja, mtu mkali asiyependa maneno mengi, aliyemsikiliza huku akitengeneza baiskeli yake.

"Jini la mchezo halitoki kwa moshi wala kwa kafara," mganga alimwambia. "Lenyewe halimshiki mtu. Mtu ndiye anayelishika. Sasa linamtaka mama yako kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa akiinuka, na hilo limeliuma. Siku mkimkuta amekaa, msimvute. Anayevutwa huacha nusu yake kitini. Ainuke mwenyewe, tena akiwa karibu kushinda."

"Na nani atamwinua mtu aliye karibu kushinda?"

Mganga alifunga nati yake. "Hilo mnalijua nyinyi mnaoishi naye."

Siku ya tatu yake, asubuhi, kitanda cha mama kilikutwa kitupu. Wakakimbilia kasino. Mlangoni mlinzi alimwangalia fundi kwa mshangao.

"Fundi! Umetokea wapi tena? Si umeingia na mama sasa hivi, ukanisalimia?"

Fundi alitaka kumbishia, lakini mkewe alishampita.

Ukumbi ulikuwa giza, kwa kuwa kasino haina dirisha wala saa ya ukutani, na katika giza hilo mashine moja tu ilikuwa inawaka, ile ya pembeni, waya wake ukiwa palepale juu yake ulipoviringwa. Mama alikuwa amekaa mbele yake, amenyooka, kidole juu ya kitufe, macho hayapepesi. Chupa ya chai ilikuwa chini karibu na mguu wa kiti. Akabonyeza. Picha ya kwanza ikasimama, miwani ya marehemu, ile iliyofungwa uzi mweusi upande mmoja. Ya pili ikasimama, futi yake ya kupimia nguo, iliyokatika ncha. Ya tatu ikazunguka, ikazunguka, ikapita.

"Bado moja tu, mke wangu," sauti ya mzee ilitoka ndani ya mashine, na harufu ya pasi ikajaa ukumbi mzima. "Moja tu, nitoke."

"Ya tatu ni uso wake," mama alisema bila kugeuka. "Kila mara inakaribia zaidi. Sasa hivi nimeziona ndevu."

Fundi aliruka amshike, mkewe akamdaka kiuno. "Usimvute! Tumeambiwa nini?"

"Mama," fundi alisema, "kila mzunguko ni mpya. Haikaribii. Haijawahi kukaribia kwa mtu yeyote."

Mama alibonyeza tena. Miwani. Futi.

Hapo binti alipiga magoti, akaichukua ile chupa, na ilikuwa imejaa, na chai ilikuwa bado inachemka kama vile ndiyo kwanza imetoka jikoni, akajua kwamba hiyo ndiyo hila yenyewe, kwamba lilichoiba jini si pesa ya mama bali ni mwisho wa chai yake, akamimina kwenye kikombe cha kifuniko akanywa, akamimina akanywa, ulimi ukimbabuka na machozi yakimchuruzika, huku mashine zote za ukumbi zikianza kuwaka moja baada ya nyingine na kukohoa kikohozi kilekile, huku picha ya tatu ikipunguza mwendo na paji la uso likianza kupanda kutoka chini ya kioo, akanywa mpaka tone la mwisho, akakifudikiza kikombe kitupu juu ya goti la mama yake.

"Mama," alisema kwa sauti iliyoungua. "Chai imekwisha."

Kidole cha mama kilisita.

Akakitazama kikombe muda mrefu. Kisha akashika mikono ya kiti, magoti yakamlia, akainuka, akaipa mashine mgongo kabla picha haijasimama.

"Mke wangu, usiniache!" mzee alilia mle ndani.

"Nilikuosha kwa mikono yangu," mama alisema, naye sasa analia kweli. "Nikakulilia mpaka nikachoka. Chai imekwisha, baba watoto. Naenda nyumbani."

Alitembea hadi mlangoni ameegemea bega la binti yake, na hakuna aliyegeuka kati ya wale wawili. Aliyegeuka ni fundi. Alitaka kuona tu. Alipotupa jicho, picha ya tatu ilikuwa inasimama, na taa zikazimika.

Mama alipona. Harufu ilikwisha, kuta zikanyamaza, na Jumamosi mama alikunywa chai yake barazani akimsema jirani. Mashine ya pembeni ilifunikwa turubai ingoje kuchukuliwa. Fundi aliyependa uhakika alijizoesha kupapasa kile kiti kila asubuhi kabla ya kazi. Baridi. Kesho yake baridi. Alifurahi, lakini njiani kurudi nyumbani alikuwa akiwaza, ile ya tatu ilisimama kwenye nini?

Asubuhi moja alipapasa, kiti kikawa na joto. Alikimbia hadi kwa mlinzi.

"Nani ameingia humu leo?"

"Wewe tu, fundi. Tangu alfajiri umo humo ndani." Mlinzi alimtazama vizuri. "Sasa ni mchana. Huli?"

Fundi alirudi taratibu. Mfuko wake wa vifaa ulikuwa haujafunguliwa. Chai aliyopewa na mkewe ilikuwa imejaa kikombeni, imeganda utando juu. Turubai lilikuwa sakafuni. Kwenye kioo miwani ilikuwa imesimama, na futi imesimama.

Simu ikaita. Alikuwa ni mkewe.

"Uko wapi? Chakula kimepoa. Mama anakuuliza."

"Natoka sasa hivi," fundi alisema, na Mungu ni shahidi, alimaanisha. Tayari alikuwa amekaa.

"Mume wangu, mbona nasikia kitu kinazunguka?"

"Moja tu," alijibiwa, kisha simuni kikaja kikohozi kikavu, cha mara mbili.