Rangi Mbichi Juu ya Misonobari

Rangi ilikuwa bado mbichi. Fenna alikuwa ameegemea msonobari ili akung'ute mchanga kiatuni, na alipoondoa mkono akakuta kiganja kimechafuka kwa wekundu na weupe, rangi za ile mistari miwili inayowaongoza watembeaji kutoka kaskazini mwa nchi hadi kilima cha mpakani kusini. Nani alikuwa akipaka rangi siku ya Jumapili? Akanusa kiganja. Hakikunuka rangi. Kilinuka maziwa yaliyochacha.

"Dada, hebu ona."

"Nione nini? Twende," Lammechien alisema bila kugeuka. "Ukisimama kila penye mti tutafika Krismasi."

Ndivyo alivyokuwa. Ndugu hao wawili waliitembea njia hiyo kipande kwa kipande, kila likizo, na Lammechien hakuwahi kuruka hata hatua moja. Mwaka juzi, Fenna akiwa na malengelenge, alikubali lifti ya trekta. Kesho yake Lammechien alimrudisha akatembee kile kipande kidogo, huku akichechemea na kulaani. Fenna hakumchukia kwa hilo. Kuna watu ambao mpangilio ndio unaowashikilia wasianguke, na dada yake alikuwa mmoja wao tangu alipofiwa na mumewe.

Lakini leo alimchosha. Misonobari ya mkoa huo wa Drenthe ilipandwa kwa kamba, safu kwa safu, na ardhi ni tambarare kiasi kwamba jicho halina pa kushika. Walitoka msituni wakaingia uwanda wa mchanga wenye vichaka vilivyonyauka, wakapita vilima vidogo vya makaburi ya kale, wakaingia msituni tena. Kisha mchanga. Kisha makaburi.

"Hapa tumeshapita," Fenna alisema.

"Drenthe nzima ni makaburi."

"Na hili ganda la yai? Ni langu."

Lammechien akasimama. "Ulitupa ganda la yai njiani?"

"Dada! Hicho ndicho ulichokisikia?"

Penye njia panda, mti wa kulia ulikuwa na mistari iliyokatana, ishara ya kwamba huku siko. Chini yake palikuwa na kibao: marufuku kutoka njiani, ndege wanataga. Nyuma ya kibao zilisikika kengele za kondoo na muungurumo wa gari.

"Barabara iko pale. Tutoke."

"Alama inakataza. Na ndege wanataga."

"Ndege gani anataga Oktoba?"

"Sheria ni sheria, Fenna."

Wakafuata mistari miwili. Msitu ukanyamaza, hata kengele zikakoma, na ile harufu ya maziwa ikawa haitoki tena kiganjani bali katikati ya miti, nzito, yenye ubaridi wa chumba cha chini ya nyumba, na Fenna akaona kwamba kwenye kila shina lililokuwa mbele yao rangi ilikuwa ikichuruzika, kana kwamba aliyeipaka alikuwa hatua chache tu mbele yao, akiwahi kila mti kabla hawajaufikia, na dada yake akizidi kuongeza mwendo kumfuata, macho yamemtoka, midomo ikisema polepole, "Tumekaribia, tumekaribia," mpaka vile vilima vya makaburi vikajitokeza tena, na ganda la yai, na kibao.

"Mimi natoka," Fenna alinong'ona. "Njoo, nakusihi."

"Nenda. Ila usiseme uliitembea."

Fenna akapita kando ya ile alama inayokataza. Hazikupita dakika mbili akawa kwenye zizi, mbele ya mchungaji mzee aliyekuwa akikata kwato za kondoo. Jina lake Wolter. Alimsikiliza bila kucheka.

"Ni Wanawake Weupe, mizimu ya makaburini," akasema. "Hawamshiki mtu, mama. Wanamwonyesha njia tu, anafuata mwenyewe."

"Nikamvute?"

"Ukiingia tena mtapotea wote wawili. Mwite toka hapa. Lakini mwite kwa jambo litakalomtoa njiani kwa hiari yake."

Fenna alifikiri juu ya mapenzi, juu ya mama yao, juu ya supu ya dengu iliyowangoja nyumbani. Hakuna hata kimoja ambacho kingemtoa Lammechien njiani. Akavuta pumzi.

"Lammechien! Mimi napanda basi! Na nitawaambia watu wote, kanisani na sokoni, kwamba nimeitembea njia nzima!"

Kisha matawi yakavunjika, na Lammechien akatokea kati ya miti, nywele zimejaa sindano za misonobari. Fenna akamkimbilia akamkumbatia, machozi yakimtiririka.

"Haya, nitukane. Niite mwongo, niite mvivu."

"Nikutukane kwa nini, mpenzi wangu?" Lammechien alitabasamu, akamshika mkono. Vidole vilikuwa baridi. "Hata mimi nimechoka. Tupande tu hilo basi."

Kondoo wote walikuwa wamejibana kwenye ukuta wa mbali wa zizi. Wolter akaweka kisu chini taratibu.

Na kutoka ndani ya msitu, sauti iliyokauka kwa hasira ikapaa: "Fenna! Thubutu upande hilo basi! Nisubiri hapo hapo, mwongo wewe, nakuja!"

Ule mkono uliomshika ukazidi kukaza.