Machela ya Ngui

Ijumaa jioni nilifunga saluni mapema, nikapitia soko la Jericho kumtafutia mdogo wangu Ngui kitu cha kulalia kambini. Vijana wa kanisa walikuwa wanaenda msituni kesho yake, naye hema hataki. Anataka hamoki, ile bembea ya kitambaa inayofungwa kati ya miti miwili. Alinipa masharti utadhani ananituma kumposea mke: kiwe chepesi lakini kisipasuke, kiwe kipana ili alale mshazari, mgongo usipinde, mikanda isichubue miti, na kikiwa na neti ya mbu, afadhali.

Kibanda cha mwisho kilikuwa cha mzee mmoja anayeuza turubai na kamba. Nikamwambia nataka hamoki. Hakunielewa. Alikuwa na kile Kiswahili cha pwani, kimenyooka, na mimi mtu wa mtaa wa Umoja nikikisikia ulimi hunikauka. Huwa naona aibu. Ningemwonyesha tu kwa mikono, lakini wapi, nikajifanya mjuaji. Nikageuka kando nikaiuliza simu hamoki kwa Kiswahili ni nini.

"Nataka machela," nikamwambia mzee.

Akaacha kukunja turubai.

"Ya nani, mwanangu?"

"Ya ndugu yangu."

"Pole sana."

Nikadhani ni pole ya kutumwa sokoni baada ya kazi. Nikasema asante. Akaniuliza kama ni mzito, nikasema wastani. Kama ni mrefu, nikasema ananipita kichwa. Halafu akashusha sauti.

"Keshalala?"

"Bado," nikacheka. "Atalala Jumamosi."

Hakucheka. "Na siku mwaijua?"

"Tumepanga kitambo."

Kisha akaingia ndani, akatoka na kitambaa cheupe, chepesi, kipana. Kilinukia zile dawa za kufukuza nondo kabatini.

"Hii hupitishwa mti," akasema.

"Mti mmoja?"

"Mmoja watosha."

Hata mtoto anajua hamoki ni miti miwili. Lakini nikiuliza si ataona sijui kitu? Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa ndani ya hamoki. Akauliza kama wabebaji tunao. Nikafikiri ni wale watu wa kufikishia wateja mizigo, nikamwambia anitafutie, nikamwelekeza mpaka mlango. Umoja, ghorofa ya juu kabisa, mlango wa bluu. Nilipofungua pochi akakataa.

"Ikisharudi ndipo tutazungumza."

Nyumbani Ngui alikitandaza sakafuni, akalala juu yake. Kilimtosha kutoka utosini hadi vidoleni.

"Sista, hii haina pa kufungia. Ulimwambia aje?"

"Nilisema hamoki."

"Ulisema hamoki?"

"...Machela."

Akaangua kicheko. Halafu kikakatika.

"Machela si ya kulalia, Nzilani. Ni ya kubebea mtu. Mgonjwa, ama..."

Aliinuka haraka. Kitambaa hakikuinuka naye wala hakikunyooka. Kilibaki kimebonyea pale alipokuwa, kichwa, mabega, visigino.

Ndipo tukasikia ngazi.

Pa... pa... pa...

Miguu mitupu, ya watu wanaotembea kwa hatua moja.

"Hodi," mtu akanong'ona.

Nilifungua kwa sababu nilikuwa nimeshawaita. Walikuwa wawili, na taa ya nje ilikuwa imezima, sura sikuziona. Begani walikuwa na mti mmoja, mrefu, umelainika katikati. Ile harufu ya dawa ya nondo ikaingia kabla yao.

"Tumeagizwa na dada," mmoja akasema. Akamwangalia Ngui nyuma yangu. "Huyu ndiye?"

Ngui alinishika mkono. Wake ulikuwa baridi.

Nilitakiwa kusema maneno machache tu. Nimekosea. Neno hilo sijui maana yake. Lakini nikasikia redio ya nyumba ya pili inapunguzwa sauti, mtu anategea sikio. Na kwenye ploti nzima mimi ndiye humwiga Nabiswa wa mlango huo, anavyosema "kusikilisa", watu wakacheka mpaka wakashika ukuta. Mimi, nisimame pale niseme Kiswahili kimenishinda? Aibu ilinipanda usoni kama mvuke wa sufuria. Nilitaka tu waondoke.

"Si huyu," nikanong'ona.

"Basi ni nani?"

"Jaribuni mlango mwingine."

Ndivyo ninavyowafukuza wauza sabuni. Kauli hiyo naisema kila siku. Ilitoka yenyewe.

"Ahsante, dada."

Mmoja akainama akakiokota kitambaa, taratibu, kama kina kitu ndani. Nikafunga mlango. Nikasikia hodi ya pili hapo kando, kisha sauti ya Wekulo, mume wa Nabiswa, mtu mzima mwenye afya yake.

"Karibu."

Kimya...

Halafu miguu ikashuka ngazi. Walipanda wepesi. Walishuka wazito.

"Umewaambia nini?" Ngui akaniuliza.

"Wamekosea nyumba."

Alfajiri tuliamshwa na mayowe ya Nabiswa. Wekulo hakuamka. Ngui alienda kambini hivyo hivyo, akalala kwenye mkeka, akarudi na mafua tu. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaona haya kwa kushukuru.

Sokoni Jericho sipiti tena. Naogopa yule mzee ataniuliza kama ilimtosha.

Jumatano Nabiswa alikuja saluni nimfumue nywele kabla hawajasafirisha mwili. Sikuweza kumtazama kwenye kioo. Nikafumua msuko mmoja, nikafumua mwingine.

"Siku ile jioni nilikuwa nimesinsia," akaanza. "Akaniamsha akasema kuna watu mlangoni. Nikaenda kuangalia, hakuna mtu. Akasema wako, na kuna mtu amewaelekesa kwetu."

Mikono yangu ikasimama.

"Nani anaweza kuwaelekesa kwetu, Nsilani?"

"Sijui," nikamwambia.

Neno hilo ndilo lililonishinda kumwambia yule mzee sokoni.