Sambusa si Chakula

Kila mchana Nasambu alimshika mkono mdogo wake Agneta wakarudi nyumbani kutoka shuleni, kule nyuma ya stesheni ya Kitale. Mama yao alichambua mahindi ghalani hadi jioni. Aliwaachia unga na kunde. Kazi ya Nasambu ilikuwa kuwasha moto na kusonga ugali.

Lakini kuni zilikuwa mbichi, na njiani mzee Mathenge alikaanga sambusa, harufu ikajaa barabara yote.

"Bado unanuka moshi?" Chepchumba wa darasani kwao alimcheka. "Watu wa mjini wanakula wakitembea."

Kesho yake Nasambu alificha unga mkobani, akaubadilisha kwa sambusa. Wakala wote wawili.

Jua halijatua, Agneta alikuwa amejikunja juu ya mkeka, ameshika tumbo, jasho linamtoka. Mama aliporudi alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Nasambu akawafuata.

Dresa Kipkoech, mhudumu wa zahanati, alilibonyeza lile tumbo. "Hii ni minyoo. Mama, amekula nini leo?"

Mama akamgeukia Nasambu. "Mlipika?"

"Hatukupika, mama."

"Basi hajala."

Kwao Misikhu, kijiji alikotoka Mama, asiyegusa ugali husema hajala, hata kama ameshiba ndizi na viazi.

"Wewe msichana, hajala kweli?" dresa akauliza.

"Hajala." Nasambu alijua alivyojificha nyuma ya neno hilo.

"Vizuri. Dawa hii hupewa mwenye tumbo tupu. Ikikutana na mafuta, inageuka sumu."

Akaimimina kwenye kijiko. Agneta akafungua mdomo.

Nasambu akaudaka mkono wa dresa, dawa ikamwagika mezani.

"Amekula sambusa," akasema. "Mimi ndiye niliyempa. Nyama ilinuka kidogo, tukaongeza pilipili."

Kipkoech aliitazama chupa, kisha akaifunga polepole. "Mama, nusura nimuue mtoto wako."

Agneta alitapika, akanyweshwa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Taa zilipowashwa, akauliza kama kuna uji.

Njiani Nasambu alimweleza Mama yote: kuni mbichi, kicheko cha Chepchumba, na unga aliompa mzee Mathenge.

"Moshi ulikuchosha, wenzako walikucheka, na mimi nilikuwa mbali," Mama akasema. "Hayo nayaelewa, ingawa unga ule uliuiba. Lakini ukiulizwa mtoto amekula nini, taja kila kilichopita mdomoni, hata karanga moja. Na kesho nitasonga ugali wa mchana kabla sijaenda ghalani."

"Utakuwa umepoa, mama."

"Utapoa. Na mtaula."